LE PACTE DES LOUPS: PICHA YA KIFARANSA INAYOGOMBANISHA WATU TANGU 2001

Leo tuweke siasa pembeni kidogo tuongelee picha. Kuna muvi ya Kifaransa inaitwa Le Pacte des loups, ila wengi waliiona kwa jina la Kiingereza, Brotherhood of the Wolf. Ilitoka Ufaransa Januari 2001, kwa hiyo si ya jana. Lakini itaje mbele ya watu watano walioiona, utapata majibu matano. Mmoja atakwambia haijawahi kutokea picha kali kama ile. Mwingine atakwambia alisinzia katikati. Wa tatu atakuuliza, hivi ile ilikuwa picha ya kutisha, ya ngumi, ya mapenzi au ya historia?

Nimeona nizipange hoja za pande zote hapa, halafu nieleze jambo ambalo wengi wanaogombana wanaliruka. Kisa kile kilitokea kweli. Watu walikufa kweli, wengi wao wakiwa watoto na wanawake maskini. Ukishajua hilo, ugomvi wenyewe unabadilika.

Angalizo: kuanzia sehemu ya tatu nitataja siri za picha. Kama hujaiona na hutaki kuharibiwa utamu, ishia sehemu ya pili, uitafute, kisha urudi.

1. PICHA INAHUSU NINI?

Tupo Ufaransa, enzi za Mfalme Louis wa 15, miaka ya 1760. Katika jimbo la milimani liitwalo Gévaudan kuna mnyama anaua watu. Mfalme anamtuma Grégoire de Fronsac (Samuel Le Bihan), msomi ambaye kazi yake ni kuchunguza wanyama na kukausha mizoga yao kwa ajili ya maonyesho. Fronsac anafuatana na rafiki yake Mani (Mark Dacascos), Mhindi Mwekundu wa kabila la Iroquois aliyekutana naye kule Amerika vitani. Wakifika tu, mvua inanyesha, matope kila mahali, Mani anashuka kwenye farasi na kuwatembezea kipigo askari kadhaa peke yake. Hapo ndipo mtazamaji anapojua leo hakuna kulala.

Wengine ni Vincent Cassel anayecheza kama Jean-François, kijana wa kitajiri mwenye mkono mmoja, marehemu Émilie Dequenne kama dada yake Marianne, na Monica Bellucci kama Sylvia, mwanamke wa danguro ambaye ana mambo yake ya siri. Dequenne alifariki Machi 2025 akiwa na miaka 43 tu. Alikuwa ameshachukua tuzo ya mwigizaji bora wa kike Cannes mwaka 1999 kwa picha ya Rosetta.

Kuhusu jina, nieleze kidogo. Loup kwa Kiswahili tunasema mbwa mwitu, lakini usimfikirie yule wetu wa mbugani mwenye madoa na masikio ya mviringo. Huyu ni wa Ulaya, mkubwa, jamii moja kabisa na mbwa wa kufugwa. Jina la picha maana yake ni mkataba wa mbwa mwitu, na kwa nini ni mkataba utaelewa mbele.

Mwongozaji ni Christophe Gans, jamaa ambaye ni mlevi wa picha za Hong Kong. Ndiyo maana aliyempangia mapigano ni Philip Kwok, na wazee wa picha za Kichina watamkumbuka kwenye The Five Venoms ya 1978 akiwa Mjusi. Mhariri ni David Wu, ambaye alifanya kazi na John Woo. Kwa hiyo usishangae kuona teke la Kichina kwenye kijiji cha Kifaransa cha karne ya 18. Limepangwa na wenyewe.

2. WATAZAMAJI WANASEMAJE?

Tuanze na wanaoipenda, maana ni wengi. Ufaransa iliuza tiketi zaidi ya milioni 5. Marekani, ambako watu hawapendi kabisa kusoma maandishi ya chini, ilipita dola milioni 11, na kwa picha ya Kifaransa kule hizo ni nyingi. Duniani kote ilikusanya takriban dola milioni 70. Hawa wanaoipenda hoja yao ni macho. Ukungu, makoti marefu, kofia za pembe tatu, theluji, mishumaa, kila kipande ukikisimamisha unaweza kukitundika ukutani. Mavazi yake yalishinda tuzo ya César, ambayo ndiyo kubwa ya sinema Ufaransa. Mkosoaji maarufu wa Marekani, marehemu Roger Ebert, aliipa nyota 3 kati ya 4, ila aliwaonya wasomaji wake wasiichukulie kwa uzito sana.

Kundi la pili ni wanaosema imechanganya vitu mno. Inaanza kama ya kutisha, inageuka ya upelelezi, inaingia mapenzi, inaingia ngumi, inaingia siasa ya kanisa na mfalme. Na ni ndefu, inakaribia saa mbili na nusu. Hawa wanasema mwongozaji alikuwa na picha nne kichwani akazitoa zote kwa mkupuo mmoja. Pia wanalalamikia mbwembwe. Kuna mahali mwili wa Bellucci unageuka taratibu kuwa milima yenye theluji. Mwenye kupenda anasema ni sanaa. Asiyependa anasema, jamaa alikuwa anatuonyesha kamera yake tu.

Kundi la tatu hoja yao ni mnyama. Karibu nusu ya picha humuoni vizuri, unaona tu watu wanavutwa na kurushwa kama matambara. Hapo kila mtu anaogopa. Kisha anatokea mzima mzima, na ndipo watu wanapogawanyika. Mnyama alitengenezwa na karakana ya Jim Henson, mengine yakaongezwa kwa kompyuta, na kompyuta za wakati ule ndiyo hivyo tena. Wengi wanasema alitisha zaidi alipokuwa hajaonekana. Mimi nakubaliana nao, na nadhani hata Gans alijua, ndiyo maana alimficha muda wote ule.

Kundi la nne ni wanaouliza kuhusu Mani. Dacascos ni mzaliwa wa Hawaii, si Mwirokwoi. Halafu huyu Mani anaongea kidogo sana, anaongea na miti, anajua dawa, anapiga kila mtu. Wapo wanaosema ndiye mtu mzuri kuliko wote kwenye picha, na wapo wanaosema ni ile tabia ya zamani ya sinema za wazungu: mtu wa mbali lazima awe mchawi au mpiganaji, na lazima afe ili mzungu apate hasira ya kupigana. Kama umezoea msemo wa stelingi hafi, utajua mapema stelingi halisi ni nani.

Zote hizi ni hoja nzuri. Lakini zote zinaongelea picha kana kwamba hadithi ilitungwa tu na mtu mezani. Twende sasa kwenye kisa chenyewe.

3. KILICHOTOKEA KWELI GÉVAUDAN

(Waliokuwa hawajaiona, tuagane hapa.)

Gévaudan ipo kusini mwa Ufaransa, leo sehemu kubwa inaitwa Lozère na nyingine ipo Haute-Loire. Ni milima, baridi, watu wachache, maisha ya kuchunga ng'ombe na kondoo. Waliokuwa wanachunga ni watoto na wanawake, mara nyingi peke yao, silaha yao ni fimbo ndefu iliyochomekwa chuma mwishoni. Tarehe 30 Juni 1764 aliuawa binti wa miaka 14 aitwaye Jeanne Boulet. Yeye ndiye wa kwanza kuandikwa rasmi. Baada ya hapo ikawa miaka mitatu ya vilio. Idadi ya waliokufa inatofautiana kati ya mwandishi na mwandishi, lakini wengi wanaitaja karibu 100 au kupita.

Wakaletwa askari wa farasi chini ya kapteni Duhamel, wakashindwa. Wakaletwa wawindaji mashuhuri wa mbwa mwitu, baba na mtoto wa ukoo wa d'Enneval, wakashindwa. Magazeti yakaibeba habari, hasa Courrier d'Avignon, ikafika hadi Uingereza. Mwisho mfalme akamtuma François Antoine, mtu wake mwenyewe wa kubeba bunduki. Septemba 1765 Antoine akaua mbwa mwitu mkubwa sana. Mzoga ukakaushwa, ukapelekwa Versailles, watu wa ikulu wakautazama. Antoine akapewa zawadi kubwa. Mambo yameisha, alisema mfalme.

Hayakuisha. Desemba ile ile mashambulizi yakarudi. Safari hii ikulu haikutaka kusikia, kwa sababu mnyama alishakufa kwenye karatasi. Watu wa Gévaudan wakaendelea kuzika watoto wao mwaka mmoja na nusu mwingine, hadi tarehe 19 Juni 1767. Siku hiyo mwananchi wa kawaida, Jean Chastel, akapiga risasi mnyama katika msako ulioandaliwa na bwana mmoja wa eneo hilo, Marquis d'Apchier. Vifo vikakoma. Chastel akapewa livre 72, ambazo ukilinganisha na alizopata Antoine ni hela ya chumvi.

Ni mnyama gani? Wanahistoria wengi wanasema ni mbwa mwitu, tena si mmoja. Wengine wanasema chotara wa mbwa na mbwa mwitu. Tangu enzi zile zile wapo waliochora fisi. Mwaka 2016 mwanabiolojia wa Kijerumani, Karl-Hans Taake, akaja na hoja kwamba huenda alikuwa simba dume kijana aliyetoroka kwa waliomfuga. Hakuna anayeweza kuhakikisha, mzoga wa Chastel haupo tena.

4. PALE PICHA INAPOSEMA UKWELI

Sasa rudi kwenye muvi. Unakumbuka pale mtumwa wa mfalme, Beauterne, anapoua mbwa mwitu wa kawaida, kisha Fronsac anaambiwa atumie ujuzi wake ili mzoga ufanane na mnyama anayetafutwa? Unapelekwa kwa mfalme, watu wanapiga makofi, faili linafungwa. Watazamaji wengi wanapita hapo haraka wakisubiri mapigano. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote.

Sitasema Antoine wa kweli alidanganya makusudi. Mbwa mwitu wake alikuwa mkubwa kweli, na wapo walioshambuliwa waliosema ndiye. Lakini ikulu ilitaka habari iishe zaidi ya ilivyotaka watu wapone. Ufaransa ilikuwa imetoka kushindwa vita iliyoisha 1763, heshima ya mfalme ilikuwa chini, na mnyama mmoja kijijini alikuwa anamwaibisha mbele ya Ulaya nzima. Kiongozi akishatangaza tatizo limekwisha, anayelia baada ya hapo anaonekana msumbufu. Hilo hata sisi ambao hatujawahi kuona theluji tunalielewa.

Na kuna la pili. Kwenye picha, nyuma ya mnyama kuna kikundi cha siri kinachotaka watu waamini kwamba Mungu amekasirika na mfalme ni dhaifu. Huo ndio mkataba wenyewe. Watu wanacheka wanasema, eti kanisa na wanyama! Kikundi hicho kimetungwa, kweli. Lakini tarehe 31 Desemba 1764 askofu wa Mende aliandika waraka kwamba mnyama yule ni adhabu ya Mungu kwa dhambi za watu, akaamuru sala. Fikiria mama ambaye mwanawe ameliwa, anasikia kanisani kwamba kosa ni lao wenyewe. Gans hakuutoa hewani ule utisho wa kidini. Aliuchukua ulipokuwa, akauvalisha barakoa na panga.

5. PALE INAPOWADHULUMU WATU

Hapa ndipo mimi nagombana na picha, wala si kwa sababu ya kung-fu. Kung-fu haijamdhuru mtu.

Tarehe 12 Januari 1765 watoto saba, umri kati ya miaka 8 na 12, walivamiwa wakichunga. Mnyama akamkamata mmoja wao. Wengine wangeweza kukimbia. Mvulana aitwaye Jacques Portefaix akawazuia, wakamfuata mnyama na fimbo zao za chuma hadi akamwachia mwenzao. Mfalme mwenyewe alitoa fedha wagawiwe, na akalipa Portefaix asomeshwe, baadaye akawa ofisa wa mizinga. Agosti mwaka huo huo binti mmoja mfanyakazi wa padri, Marie-Jeanne Vallet, alimchoma mnyama kifuani kwa mkuki. Leo ana sanamu yake kijijini Auvers.

Niambie, hiyo si picha tayari? Lakini kwenye muvi wakulima na watoto ni wa kufa tu. Wanakimbia, wanapiga kelele, wanaliwa. Anayepigana ni bwana mkubwa aliyetoka Paris na rafiki yake. Na Jean Chastel, mwananchi aliyemaliza tatizo kwa bunduki yake, picha imemweka upande wa wabaya! Hapa Gans hakubuni peke yake, maana zipo hadithi za baadaye zilizomtuhumu Chastel na familia yake kwamba ndio waliomfuga mnyama. Lakini ni hadithi, na imempa mtu mwenye jina lake halisi sura ya mhalifu mbele ya mamilioni ya watazamaji.

Kwa hiyo mtu akikwambia picha hii si ya kweli kwa sababu Mani anapiga mateke, mwambie aangalie kwingine. Uongo wake mkubwa ni kuwanyima maskini ushujaa ambao waliufanya kweli.

6. NA AFRIKA IMEINGIAJE?

Mwishoni tunaambiwa mnyama ana asili ya Afrika. Jean-François alisafiri huku, akarudi na mnyama, uzao wake ndio ukafundishwa kuua na kuvalishwa deraya yenye miiba. Sisi watazamaji wa huku tukifika hapo tunaguna. Ulaya inaumwa, ugonjwa umetoka Afrika, kama kawaida. Lakini tuwe wa haki. Mnyama ndani ya picha hana hatia, aliteswa mpaka akawa vile. Mwovu ni kijana wa ikulu ndogo ya kwao, aliyesoma, mwenye nguo safi.

Na kuna kitu kimenifurahisha. Watazamaji wengi wa kizungu wanasema hoja ya kwamba kuna mtu anamtuma mnyama ndiyo iliyowaharibia picha, haiaminiki. Huku kwetu hiyo ndiyo ingekuwa swali la kwanza: nani kamtuma? Njombe miaka ya 1930 na 1940 simba walikula watu wengi sana, na wananchi waliamini yupo mganga anayewatuma, hadi mwindaji George Rushby alipowapunguza. Singida miaka ya 1940 kulikuwa na kesi za simba-watu, binadamu wakashtakiwa kwa vifo vilivyodhaniwa ni vya simba. Mtu mwenye historia hiyo hawezi kucheka haraka akiambiwa nyuma ya makucha kuna mkono wa mtu. Ndiyo maana nasema maoni ya picha yanategemea pia umekaa upande gani wa dunia unapoitazama.

7. UKITAKA KUITAZAMA

Kwanza, tafuta yenye sauti ya Kifaransa na maandishi ya chini. Ile iliyobandikwa sauti za Kiingereza inawafanya wote waonekane wanasoma gazeti. Cassel bila sauti yake ni nusu ya Cassel.

Pili, yapo matoleo mawili, la sinema na refu la mwongozaji linalozidi kwa dakika chache. Kwa mara ya kwanza la kawaida linatosha. Mwaka 2022 picha ilisafishwa upya na kuonyeshwa Cannes, kwa hiyo sasa hivi kuna nakala safi kuliko zile za giza tulizozoea ambapo usiku ulikuwa mweusi tii huoni kitu.

Tatu, usiitazame na mtoto. Kuna damu, kuna utupu, na kuna jambo ambalo Jean-François anamfanyia dada yake ambalo hata mtu mzima anageuza uso.

Nne, ukimaliza kushangilia mapigano, mkumbuke yule binti wa miaka 14 aliyekwenda kuchunga Juni 1764 asirudi. Picha haikumtaja.

Kwa mtazamo wangu ni picha nzuri yenye deni. Nzuri kwa macho, nzuri kwa kuonyesha jinsi wakubwa wanavyofunga faili huku watu wanakufa. Deni lake ni kwa wale watoto saba na fimbo zao. Kama yupo mwongozaji Mfaransa anatafuta kazi, hadithi ya Portefaix ipo, haihitaji hata kompyuta nyingi.

Haya wadau, nimemaliza yangu. Walioiona semeni: mnyama alitisha au alichekesha? Na Mani, mlikubali afe? Maoni hapo chini, ila matusi sipitishi.